Shafti Ambayo Vijiji Havikuuziwa

Njia ya mchanga inayotoka Mzenga kwenda Vihingo bado ina umande. Bi Mboni binti Kitwana ana baiskeli, lakini haipandi. Anaisukuma. Kwenye keria amefunga gurudumu la mbao, pana kuliko ungo, alilolichonga mwenyewe kwa mti wa mkongo. Baiskeli ikizama mchangani, gurudumu linayumba na kutaka kumwangusha. Anasimama, analirudisha kwa bega, anaendelea. Kanga aliyoifunga juu ya ovaroli imelowa mpaka magotini.

Kila anayetokea mbele yake anasalimiwa mbiombio, kisha anaulizwa swali moja.

"Injini mpya wameshaiwasha?"

Wanaume wawili wenye magunia ya mkaa wanasema hawajui. Walipopita bandani walisikia kelele za watu tu, si za mashine.

"Lakini wewe Bi Mboni," anasema mmoja wao, "mgambo wakikuona na hilo gurudumu watasema gari lililobaki umelificha chumbani. Siku hizi za msako wa wahujumu uchumi hawamwachi mtu."

"Waambie waje," anajibu bila kusimama. "Wakiliona hilo gari, nitawapa lifti mpaka kituoni."

Wanacheka. Mbele kidogo kuna korongo lililochimbwa na mvua. Yule mwanaume aliyetania anatua gunia lake, anarudi nyuma, anashika baiskeli kwa nyuma na kuivusha ng'ambo. Hakuombwa. Kisha anarudi kwenye gunia lake, analibeba, na kwenda zake kabla hajashukuriwa vizuri.

Bi Mboni ana miaka hamsini na miwili na ni fundi wa mashine za kusaga. Nyumba yake iko Sofu, Kibaha, lakini majirani zake wanasema mwaka huu wa 1984 wameiona baiskeli yake ikitoka mara nyingi kuliko walivyoiona ikirudi. Juzi dereva wa lori alisimama Sofu kutafuta maji ya rejeta, akamtajia kwamba anatoka kushusha injini mpya Vihingo. Bi Mboni aliacha chungu jikoni. Jirani yake ndiye aliyekwenda kukiepua, akampelekea mume wa Bi Mboni chakula chake.

"Injini ile ikiwashwa huku mashine yangu imefungwa ndani yake, ama mtu ataumia, ama kijiji kizima kitakosa pa kusagia," anasema akihema. "Yote mawili nimeshayaona. Sitaki kuyaona tena."

Ili kuelewa anachokikimbilia, inabidi kurudi nyuma kidogo.

Baba yake, mzee Kitwana, alikuwa mwangalizi wa injini kwenye shamba la mkonge upande wa Ruvu. Jicho lake moja lilikuwa na mtoto wa jicho. Binti aliyekuwa akimpelekea chakula akajikuta anashikishwa taa. "Nikawa jicho lake la pili," anasema. "Ananiambia, Mboni, tazama pale, boliti imelegea au haijalegea? Nikisema imelegea, anakaza. Hakuwahi kuniuliza mara mbili. Mimi nilikuwa mtoto, lakini aliniamini."

Uhuru ulipokuja alikuwa tayari anafungua na kufunga injini peke yake. Vijiji vya ujamaa vilipoanza kupata mashine za kusaga, katikati ya miaka ya sabini, mafundi walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Bi Mboni akaanza kuitwa Kibaha, Mlandizi, mpaka vijiji vya ndani ya Kisarawe. Si wote waliompokea vizuri siku ya kwanza. Kuna mahali mzee mmoja alimtazama, akawageukia wenzake, akasema, "Tumeomba fundi, tumeletewa mke wa fundi."

"Fundi mwenyewe amebaki nyumbani anapika," Bi Mboni akamjibu. "Hii kazi ngumu akaniachia mimi."

Mzee huyo ndiye aliyemshikia ndoo ya oili siku nzima.

Malipo hayakuwa makubwa. Matengenezo ya kawaida alilipwa shilingi thelathini, arobaini, na mara nyingi nusu yake ilikuwa mchele au kuku. Lakini alikuwa anaona jambo ambalo mafundi wengine walilipita. Mwanamke wa huku ana mahindi kidogo na muhogo mwingi. Mahindi yalikuwa yamepata mashine. Muhogo ulikuwa bado unakatwa kwa kisu, kipande kimoja kimoja, uanikwe uwe makopa, ndipo usagwe. Ukikatwa mnene haukauki. Mvua ikiunyeshea unaota ukungu, na jasho lote la shambani linakwenda kwa nguruwe mwitu.

Basi akatengeneza mashine ya kukatia muhogo. Ni sahani ya mbao iliyosimama, imefungwa visu vinne vilivyofuliwa kutoka kwenye springi za lori. Inazunguka, mtu anasukumia muhogo, vipande vyembamba vinadondokea kwenye karai.

Shida ilikuwa nguvu ya kuizungusha.

Injini zile za kijani zilizogawiwa vijijini zina shafti mbili, yaani vyuma virefu vinavyozunguka. Ya kwanza imetokeza nje na kuvalishwa puli. Hiyo ndiyo iliyowekwa kwa ajili ya mnunuzi, afunge mkanda wake hapo na kuendesha kinu. Ya pili imejificha ndani, nyuma ya mfuniko wa chuma. Kazi yake ni kufungua na kufunga vali za injini yenyewe, vilango vya hewa na moshi, na inazunguka nusu tu ya mwendo wa ile ya nje. Mtengenezaji hakukusudia mtu mwingine aiguse.

Puli ya nje ilikuwa tayari na mkanda wa kinu. Mkanda wa pili haukupatikana madukani hata kwa dawa. Halafu mwendo wa puli ulikuwa mkali mno kwa muhogo. Vipande vilitoka vimesagika. Lakini ile shafti ya ndani, ya taratibu, ilikuwa kama imetengenezwa kwa ajili ya muhogo. Bi Mboni akaufungua mfuniko, akautoboa katikati, akaunga chuma kwenye ncha ya shafti, na chuma hicho akakifunga kwenye sahani yake ya visu.

Bila mkanda. Bila puli. Kinu kinasaga upande huu, visu vinakata upande ule, injini moja, dizeli ileile.

"Wanawake walipiga vigelegele mpaka nikaona haya," anasema.

Vijiji sita viliitaka, na vyote sita alivifungia. Ikafanya kazi miaka tisa.

Mtu mmoja tu hakufurahi, naye hakupiga kelele. Silvanus ni fundi wa kampuni iliyoleta injini hizo, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Mara ya kwanza alipoukuta mfuniko uliotobolewa alikaa chini akautazama kwa muda mrefu, halafu akamwambia Bi Mboni maneno ambayo mama huyu anayarudia sasa kila anapokwenda.

"Aliniambia, mama, ya nje tumewauzia. Ile tukiibadilisha bila kuwaambia, mna haki ya kutugombeza. Ya ndani hatujawauzia. Ile bado ni yetu. Siku kiwanda kikitaka kuigeuza kitaigeuza, na hakitamwandikia Bi Mboni wa Sofu."

Je, alimjibu nini?

"Nilimjibu, mwanangu, chuma hakina tabia ya kugeuka. Nikamkaribisha chai."

Mwaka jana injini za mwanzo zilianza kuchoka. Zikaletwa mpya, kutoka kiwanda kilekile, jina lilelile, rangi ileile ya kijani. Ya kwanza ilikwenda kijiji kimoja karibu na Mlandizi. Mwendesha mashine wa pale aliuvua mfuniko mpya, akauvisha ule wa zamani wenye tundu, kwa sababu wanawake walikuwa wanasubiri. Boliti zote ziliingia. Chuma cha kuungia kiliingia. Hakuna kilichokataa, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Ndani, hata hivyo, kiwanda kilikuwa kimeondoa gia na kuweka mnyororo. Mambo ya gia na mnyororo ni rahisi kuyaona kwenye baiskeli: mnyororo huzungusha gurudumu la meno la pedali na lile la nyuma upande mmoja, lakini gia mbili zikiumana, moja huenda kulia na nyingine kushoto. Kwa hiyo ile shafti ya ndani sasa ilikuwa inazunguka kinyume.

Zubeda Adamu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusukumia muhogo. Migongo ya visu iliupiga ukaruka na kumgonga mdomoni. Akapoteza meno mawili ya mbele.

Bi Mboni alipopata habari alikwenda siku ileile. Anasema njia nzima alikuwa anapanga maneno, na alipofika yote yakamtoka kichwani. Zubeda, mdomo umevimba, alikuwa amemtengea kigoda. Akampikia chai, akamwekea pembeni sukari iliyokuwa imebaki ndani ya nyumba, mwaka ambao sukari ilikuwa ya kuoneshana.

"Nikamwambia, Zubeda, sukari hiyo wape watoto. Akanijibu huku amejiziba kwa kanga, 'Kunywa, dada. Mimi siwezi kuitafuna tena, angalau wewe uikoroge.' Akacheka. Mimi sikuweza kucheka."

Siku hiyo Bi Mboni alifanya alichoona ni cha haraka. Alivigeuza visu vinne vikatazama upande wa pili. Kazi ya nusu asubuhi. Mashine ikakata vizuri kama zamani, na watu wakamshangilia tena. Usiku huo akalala usingizi nyumbani kwake.

Haikupita hata miezi miwili mnyororo ukakatika. Mnyororo ule ulipimwa kwa kazi ya kufungua vali peke yake, si kwa kazi ya kukata muhogo wa kijiji. Ulipokatika, vali zikagongana na pistoni, injini nzima ikasimama. Kinu nacho kikasimama. Kampuni ikasema haitengenezi bure injini iliyotobolewa mfuniko, na Silvanus, ambaye ndiye aliyetumwa kuwaeleza wanakijiji neno hilo, alilieleza kwa upole, halafu akarudi Jumapili kwa baiskeli yake mwenyewe na vali mbili zilizotumika ndani ya mfuko, akazinoa na kuzijaribu. Hazikufaa. Lakini alikuja.

Injini hiyo ilikaa kimya msimu mzima, na mpaka leo iko kimya. Zubeda na wenzake wakarudi kwenye kinu na mchi. Tangu hapo Bi Mboni hakai.

Vijiji viwili vingine alivimaliza akitembea kwa mguu na kwa lifti. Cha nne, ukihesabu na kile cha Mlandizi, alikimaliza wakati wa Ramadhani, akifuturu chini ya banda la mashine. Kwenye kila kimoja anaitoa mashine yake ndani ya injini na kuitengenezea nguvu kutoka kwenye ile puli ya nje, kwa gurudumu kubwa la mbao linalopunguza mwendo. Zimebaki Vihingo na Maneromango. Na Vihingo wameshapata injini mpya.

Jua limeshakuwa kali anapolifikia banda la mashine la Vihingo. Watu wamejaa. Karai, ndoo na matenga yamejaa muhogo uliomenywa, mweupe kama meno. Injini mpya iko juu ya saruji, inang'aa, na Salehe, mwendesha mashine, ameshashika hendeli ya kuwashia.

"Salehe! Usizungushe!"

Baiskeli inaangukia upande mmoja, gurudumu linaangukia upande mwingine. Mwanamke mmoja analidaka kabla halijabiringika kwenye muhogo.

"Shikamoo, Bi Mboni," anasema Salehe kwa mshangao, hendeli bado mkononi. "Mbona tumekufungia vizuri tu? Tazama. Mfuniko wako umekaa kama umezaliwa nao."

"Marahaba. Hicho ndicho kinachonitisha. Tatu, mwanangu, toka hapo mbele."

Tatu Zahoro ndiye kiongozi wa wanawake wa muhogo hapa Vihingo. Anasogea hatua mbili, lakini kidevu chake kimeinuka. "Kuna nini, dada? Tumemenya tangu jana jioni. Muhogo huu ukilala utakuwa mweusi."

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Mwinjuma, anapasua katikati ya watu. Ni mtu mnene, mpole, anayejipepea kwa kofia yake. "Ndugu Fundi, karibu. Lakini nimetangaza mwenyewe kwamba leo mashine inaanza. Isipokata, mimi nitaiweka wapi sura yangu?"

"Iweke mbali na hiyo sahani, Mwenyekiti," anajibu Bi Mboni.

Watu wanaguna. Wengine wanacheka. Anaona kwamba maneno hayatamsaidia, kwa hiyo anawasogeza wote nyuma mpaka nje ya banda. Anamwambia Salehe awashe kwa dakika moja tu. Injini inakohoa, inashika. Bi Mboni anasimama kando, anachukua muhogo mmoja, na kuusukuma kwa ncha ya fito ndefu.

Muhogo unaruka juu, unalipiga bati la paa kwa kishindo, unarudi chini vipande viwili.

Salehe anazima bila kuambiwa. Tatu anashika shavu lake.

"Hapo ndipo ningekuwa nimesimama mimi."

Bi Mboni anaiweka fito chini. Anamsogelea, anamfuta unga wa muhogo uliomrukia kwenye paji la uso, anageukia injini.

Mzee Mwinjuma ndiye anayelisema lile ambalo lazima mtu aliseme. Ameona, ameelewa, naye si mjinga. "Sasa Fundi, si inazunguka kinyume tu? Visu vigeuze. Vikitazama huku, vitakata. Au nakosea?"

"Hukosei."

"Basi geuza tufanye kazi!"

"Geuza, dada," anasema Tatu. "Tutakusaidia kushika."

Spana iko mkononi mwa Bi Mboni. Visu vinne, boliti nane. Kila mtu anamtazama yeye na muhogo, yeye na muhogo. Anakwenda mpaka kwenye sahani, anaigusa, anarudi. Anatoka nje ya banda, anaingia tena.

"Mlandizi nilivigeuza," anasema hatimaye. "Wakanishangilia. Mpaka leo hawana kinu. Na tuseme hapa mnyororo usikatike. Mwaka kesho kutwa wataleta injini nyingine, ya kijani kama hii. Itazunguka wapi? Itakuwa na mnyororo au haina? Mimi sijui. Mwenyekiti hajui. Anayejua yuko ng'ambo, naye hana habari kwamba Tatu amesimama mbele ya visu. Nikigeuza leo, nitakuwa nawageuzia kila mara mpaka nife. Na siku nimekufa?"

"Mungu apishe mbali," mwanamke mmoja anasema.

"Apishe. Lakini siku hiyo ipo."

"Na muhogo?" anauliza Tatu. Si kwa ukali sasa.

Bi Mboni anayahesabu matenga kwa macho. Gurudumu lake litahitaji nguzo mbili zichimbiwe, mkanda upimwe, mchana kutwa. Muhogo ni mwingi.

Tatu anauangalia muhogo. Halafu anainama, anachomoa kisu kwenye tenga lake, anaketi chini pale pale kwenye kivuli cha banda na kunyoosha miguu. "Kabla ya mashine tulikuwa tunakata na nini?" anauliza. "Leteni mbao za kukatia. Mwenye kisu akae, asiye na kisu akaazime."

Wanakaa. Mmoja, wawili, kisha wote. Mzee Mwinjuma anavuta pumzi, anavaa kofia yake, naye anaketi katikati ya wanawake na kuomba kisu. Anakata taratibu, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo.

"Mwenyekiti, hayo makopa au matofali?" anauliza bibi mmoja.

"Ni makopa ya Mwenyekiti," anajibu. "Yanakauka kwa amri."

Kicheko hicho kinamfikia Bi Mboni akiwa amepiga magoti mbele ya injini, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mabega yake yanashuka. Lakini mikono haitulii. Anakitoa chuma cha kuungia. Anauvua mfuniko wenye tundu. Anauliza ule mfuniko uliokuja na injini uko wapi, ule mzima.

Wanatazamana. Mke wa Salehe anatoka mbio kuelekea nyumbani. Anarudi nao umelowa. Alikuwa ameufanya kifuniko cha mtungi wa maji. "Ulikuwa umekaa vizuri," anasema kwa masikitiko. Bi Mboni anaukausha kwa kanga yake mwenyewe, anaurudisha mahali pake, anakaza boliti moja baada ya nyingine. Injini ya Vihingo sasa imefungwa kama ilivyotoka kiwandani.

Vijana wanachimba mashimo ya nguzo. Gurudumu la mkongo linapandishwa. Mkanda wenyewe ameukata kwenye tairi kuukuu la lori na kuushona kwa waya, kwa sababu mkanda wa dukani, ukipatikana, bei yake inazidi pato lake la mwezi mzima. Baada ya swala ya adhuhuri Salehe anawasha tena. Mkanda unateleza. Bi Mboni anaomba majivu, anayanyunyiza, mkanda unashika. Sahani inazunguka. Muhogo wa kwanza anausukumia yeye, kwa mkono wake.

Vipande vinadondoka kwenye karai.

Hakuna vigelegele. Vipande ni vinene kidogo kuliko vya zamani, na kila mtu anaviona. Tena kuna jambo jingine: puli ni moja tu, kwa hiyo visu vikikata, kinu kinasubiri. Bibi mwenye debe la mahindi amelitambua haraka.

"Kwa hiyo sasa tupange zamu kama duka la ushirika?"

"Ndiyo, bibi. Muhogo asubuhi, mahindi mchana."

"Zamani ilikuwa vyote pamoja."

"Ilikuwa," anakubali Bi Mboni. Bibi naye, baada ya kunung'unika, anamsogezea debe lake la mahindi alikalie, maana hana kiti.

Kazi hii ya kutoa na kufunga upya hatozi. Mwenyekiti alitaka kumchangishia, alikataa. Wanawake wakamfungia unga kwenye kitambaa, na huo hakuukataa, kwa kuwa kukataa unga wa mtu si adabu. Ule mfuniko wenye tundu ameufunga kwenye keria. Hataki ubaki hapa, mtu mwenye haraka asije akauvisha tena.

Imebaki Maneromango, na Maneromango wamegoma. Injini yao ni ya zamani, yenye gia, bado nzima, na mashine ya muhogo inakata vyembamba kama karatasi. Mweka hazina wa kinu chao, mama Eugenia, alimpelekea salamu kwa muuza samaki: asubiri mpaka yao ife, ndipo aje na magurudumu yake.

"Hawana kosa," anasema Bi Mboni, akiinua baiskeli. "Kinachofanya kazi, nani anataka kitolewe? Hata mimi nilikuwa hivyo." Anaikaza kamba ya keria. "Sitakitoa kwa nguvu. Nitachonga gurudumu jingine hukohuko, nilifunge pembeni, wazoee kidogo kidogo, visu vizunguke kwa puli ya nje. Mama Eugenia akitaka kunigombeza atanigombeza huku nafunga. Silvanus ameniahidi mikanda iliyochakaa ya karakana yao. Amesema wao wanaitupa. Injini mpya ikija Maneromango, pasiwe na kitu cha kuhamisha."

Tatu anamwambia alale, njia ya Maneromango ni mbovu na jua limekwisha pinda. Anashukuru, anakunywa maji aliyopewa mpaka kata inabaki tupu, anairudisha kwa mikono miwili. Salehe anamjazia upepo gurudumu la mbele. Tayari mguu mmoja wa Bi Mboni uko kwenye pedali.

Anachokitamani ni nini baada ya hapo, Maneromango ikiisha?

Anakitaja haraka, kama mtu aliyekuwa nacho siku nyingi mdomoni.

"Nataka siku moja waibadilishe injini mahali, iwe Vihingo, iwe popote, iwe ya rangi wanayoitaka wao, na ndani wameweka wanachotaka wao. Na mimi habari hiyo nisiisikie. Nije kuambiwa juu kwa juu msibani, baada ya mwezi, na mtu anayezungumza mambo mengine. Hapo nitajua nimepumzika."